Mafunzo ya Mkemia katika Zama za Mashine Zinazojiendesha

Si watu wachache wanaodhani kwamba kadiri maabara zinavyopata mashine nyingi zaidi, ndivyo kazi ya mkemia inavyozidi kuwa nyepesi, na ndivyo elimu anayohitaji inavyozidi kupungua. Mashine, husema, itapima, kompyuta itakokotoa, roboti itachanganya, naye mkemia atabaki kubonyeza kitufe na kupokea jibu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamekwisha kuniuliza mara nyingi, tena kwa dhati kabisa, kwa nini wanasumbuliwa na bureti ilhali viko vyombo vinavyofanya kazi hiyo hiyo kwa muda mfupi na bila kuchoka. Swali lao si la kipuuzi, nalo lastahili kujibiwa kwa ushahidi. Katika makala haya nitajaribu kulijibu kwa kutazama jinsi kazi ya kemia ilivyokabidhiwa mashine hatua kwa hatua, na hasa kwa kueleza tukio moja la mwaka 2019 ambalo, kwa maoni yangu, kila mwalimu wa kemia angefaa alifahamu.

Mapovu ya hewa katika mrija

Yafaa tuanzie hospitalini. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mtaalamu wa maabara aliyetaka kujua kiasi cha sukari au cha yurea katika damu ya wagonjwa ishirini alipaswa kurudia kazi ile ile mara ishirini: kunyonya sampuli kwa pipeti, kutia kemikali, kupasha moto, kusubiri, kisha kulinganisha rangi. Mchana ukifika mkono umechoka, na sampuli ya ishirini haikupata uangalifu iliyopata ile ya kwanza.

Leonard Skeggs, mtaalamu wa biokemia katika mji wa Cleveland huko Marekani, alichapisha mwaka 1957 njia tofauti kabisa. Badala ya kila sampuli kuwa na neli yake, sampuli zote zilipita moja baada ya nyingine katika mrija mmoja mwembamba. Njiani kemikali ziliingizwa, mchanganyiko ukapashwa moto, na mwishoni mwanga ulipitishwa ndani yake ili kupima ukolezi wa rangi. Msomaji makini ataona tatizo mara moja: je, damu ya mgonjwa mmoja haitachanganyika na ya yule anayemfuata? Skeggs alilitatua jambo hilo kwa kuingiza mapovu ya hewa katika mrija kwa vipindi vilivyo sawa. Kila povu lilikuwa kama ukuta mdogo unaotembea. Lilikata mkondo vipande vipande, na papo hapo likafuta kuta za mrija ili mabaki ya sampuli iliyotangulia yasishikilie hapo. Chombo hicho, kilichouzwa na kampuni ya Technicon kwa jina la AutoAnalyzer, kilienea katika hospitali nyingi duniani.

Sasa tujiulize: mtaalamu yule wa maabara alipokabidhiwa chombo hiki, alipaswa kujua mambo machache zaidi au mengi zaidi? Ni kweli kwamba hakuhitaji tena mkono usiotetemeka. Lakini sasa alikuwa akitazama karatasi ndefu yenye mstari unaopanda na kushuka, kilima kimoja kwa kila mgonjwa. Kama mstari haukushuka hadi chini kabla ya kupanda tena, maana yake sampuli moja ilikuwa ikichafua inayofuata. Kama myeyusho sanifu uliopachikwa katikati ya sampuli ulisoma pungufu ya inavyotarajiwa, basi huenda kemikali ilikuwa imeharibika au pampu imelegea, na majibu yote yaliyotoka tangu ukaguzi uliopita yalikuwa ya kutiliwa shaka. Mkono wa mwanadamu hukosea huku na huku, mara juu, mara chini. Mashine iliyopotoka hukosea upande mmoja, kwa utulivu mkubwa, na kwa wagonjwa wote.

Kuiandikia kompyuta molekuli

Hatua iliyofuata ilikuwa kuikabidhi mashine si vimiminika pekee, bali pia habari kuhusu vimiminika hivyo. Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo mahali ambapo mafunzo ya mkemia wa leo yanapotofautiana na ya babu zake.

Mwalimu akichora ethanoli ubaoni, wanafunzi huona picha. Kompyuta haioni picha. Husoma herufi na tarakimu. Katika miaka ya 1980 mkemia wa Marekani, David Weininger, alibuni mfumo wa kuandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi, unaoitwa SMILES. Kwa mfumo huo ethanoli huandikwa CCO: kaboni, kaboni, oksijeni. Hidrojeni haziandikwi kwa sababu valensi yenyewe inatuambia ni ngapi. Tukihamisha herufi moja tu na kuandika COC, hatuna tena ethanoli bali dimethili etha. Fomula ya jumla ni ile ile, C₂H₆O, lakini ethanoli ni kiowevu kinachochemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na dimethili etha ni gesi katika joto la kawaida la chumbani. Kwa kompyuta, mpangilio ndio maana yenyewe. Naomba msomaji aliweke neno hilo akilini, kwani tutalirudia.

Namna nyingine ya kuitambulisha kemikali ni kwa namba. Shirika la Chemical Abstracts Service la Marekani lilianza mwaka 1965 kukipa kila kiini cha kemikali kinachochapishwa namba yake ya pekee, ambayo mwalimu aweza kuiona kwenye lebo za chupa nyingi za maabara. Namba ya maji ni 7732-18-5. Tarakimu ya mwisho haikuwekwa ovyo, ni mlinzi. Chukua tarakimu nyingine zote ukianzia kulia kwenda kushoto, zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 3, na kuendelea, kisha jumlisha. Kwa maji tunapata 8 + 2 + 6 + 12 + 35 + 42, yaani 105. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 5, na ndiyo inayofunga namba. Asidi ya salfuriki ni 7664-93-9: 3 + 18 + 12 + 24 + 30 + 42 ni 129, nayo yaishia 9.

Karani akikosea akabadilishana tarakimu mbili zinazopakana kabla ya ile ya mwisho, hesabu hii itamfichua kila mara. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kulithibitisha jambo hilo wenyewe. Lakini mlinzi huyu hana macho pande zote. Andika 7932-18-5 badala ya namba ya maji, na jumla itakuwa 115, ambayo pia huishia 5. Kosa limepita mlangoni likiwa limevaa vizuri. Napenda sana zoezi hili, kwa sababu halihitaji umeme wala kompyuta, na hata hivyo limebeba sehemu kubwa ya somo zima: kwamba ukaguzi wa mashine hukagua kile tu ulichotengenezewa kukagua.

Mafungu mawili ya karatasi

Sasa tuje kwenye tukio la mwaka 2019.

Katika Chuo Kikuu cha Hawaii kule Mānoa, maabara ya Profesa Philip Williams huchunguza kemikali zinazotengenezwa na viumbe vidogo, wakiwamo bakteria wa kijani-buluu, kwa tumaini la kupata dawa. Kuipata kemikali ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua atomi zake zimeungana vipi. Njia moja kuu ni kuiweka sampuli ndani ya sumaku yenye nguvu na kusikiliza jinsi viini vya atomi zake vinavyoitika mawimbi ya redio. Kila kiini hutoa namba inayotegemea majirani zake. Kisha mkemia huchukua maumbo anayoyadhania, hukokotoa kwa kompyuta namba ambazo kila umbo lingetoa, na kulinganisha na zilizopimwa. Umbo linalowiana zaidi ndilo linalokubaliwa.

Kuna ugumu mmoja. Molekuli nyingi hazikai katika mkao mmoja. Hujipinda na kujikunja, na kila mkao una nishati yake na namba zake. Kinachopimwa ni wastani wa mikao yote, ambapo mikao yenye nishati ndogo, kwa kuwa hutokea mara nyingi zaidi, hupewa uzito mkubwa. Kwa hiyo kila mkao huwa na mafaili mawili katika kompyuta, moja la nishati na moja la namba za viini. Ili kuwapunguzia wenzao kazi hii ya kuchosha, Patrick Willoughby, Matthew Jansma na Thomas Hoye wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichapisha mwaka 2014 maelezo ya kina pamoja na programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Python, inayoyasoma mafaili na kutoa wastani. Ilikuwa hisani kubwa, na wakemia wengi waliipokea kwa shukrani.

Jayanti Bhandari Neupane na wenzake wa Hawaii walipoitumia, waliona jambo la ajabu. Mafaili yale yale, kwa programu ile ile, yalitoa majibu tofauti katika kompyuta tofauti. Kwa mfano mmoja walioufanyia majaribio, kompyuta yenye mfumo endeshi wa Windows 10 na ile yenye macOS Mavericks zilitoa 173.2, yenye macOS Mojave ilitoa 172.7, na yenye Ubuntu 16 ilitoa 172.4. Mtu asiyezoea kazi hii atasema kwamba tofauti ya 0.8 ni ndogo. Lakini maumbo mawili yanayoshindaniwa yanaweza kutofautiana kwa kiasi kama hicho tu, na mkemia aliyechagua umbo lisilo sahihi anaweza kutumia miaka akijaribu kutengeneza molekuli ambayo haikupata kuwapo ndani ya kiumbe kile.

Chanzo chake kilikuwa nini? Mwalimu atakielewa upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Tuseme mezani una mafungu mawili ya karatasi za mtihani, la nadharia na la vitendo, nawe wataka kujumlisha alama za kila mwanafunzi. Ikiwa mafungu yote mawili yamepangwa kwa kufuata majina, waweza kuchukua karatasi ya juu katika kila fungu, ukajumlisha, ukaendelea hadi mwisho bila kutazama majina. Lakini ikiwa fungu moja limepangwa kwa majina na jingine kwa jinsi wanafunzi walivyomaliza, utampa Asha alama za vitendo za Juma, na hesabu zako za kujumlisha zitakuwa sahihi zote.

Ndivyo ilivyokuwa. Programu iliuomba mfumo endeshi orodha ya mafaili, ikaamini kwamba orodha hiyo ingekuja ikiwa imepangwa. Baadhi ya mifumo huipanga, mingine haiipangi, na lugha ya Python yenyewe haikuahidi mpangilio wowote katika amri iliyotumika. Pale mpangilio ulipovurugika, nishati ya mkao mmoja ilioanishwa na namba za mkao mwingine. Tuchukue mfano mwepesi wa mikao miwili: wa kwanza hutokea kwa asilimia 80 na namba yake ni 60, wa pili hutokea kwa asilimia 20 na namba yake ni 50. Wastani wa kweli ni 58. Mafaili yakipishana, kompyuta itatoa 52, bila onyo, bila taa nyekundu, na kwa nukta nyingi za desimali.

Neupane na wenzake walichapisha ugunduzi wao katika jarida la Organic Letters mwaka ule ule, pamoja na marekebisho ambayo kiini chake ni amri moja fupi ya kuyapanga mafaili kabla ya kuyasoma. Machapisho zaidi ya 150 yalikuwa yamekwisha kuutaja mfumo ule wa mwaka 2014. Si yote yaliyotumia programu yenyewe, wala si yote yaliyotumia kompyuta zenye hitilafu. Lakini kila mmoja wa wahusika alilazimika kurudi nyuma na kukagua. Willoughby, kwa sifa yake, aliupokea ugunduzi huo kwa uungwana.

Ninachotaka msomaji akione ni hiki. Kemia ya watu wa Minnesota ilikuwa sawa, na hesabu zao zilikuwa sawa. Kilichokosekana ni desturi ndogo ya fani nyingine, desturi ambayo mwandishi mzoefu wa programu huifuata bila kufikiri, yaani kutoamini mpangilio ambao hukuupanga mwenyewe. Na kwa upande wa pili, mwandishi wa programu asiyejua kemia asingeweza kushuku kwamba 172.4 ni jibu baya. Kwake ni namba kama namba nyingine.

Roboti za Liverpool na za Berkeley

Tangu wakati huo mashine zimepewa madaraka makubwa zaidi. Mwaka 2020 kikundi cha Profesa Andrew Cooper katika Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, kilieleza katika jarida la Nature roboti yenye magurudumu na mkono mmoja, iliyotembea yenyewe kutoka meza hadi meza katika maabara ya kawaida. Kwa siku 8 ilifanya majaribio 688, ikitafuta mchanganyiko bora wa kichocheo kinachotumia mwanga kuzalisha hidrojeni kutoka katika maji. Mambo ya kurekebisha yalikuwa 10, na baada ya kila awamu programu iliamua yenyewe ijaribu nini tena. Mchanganyiko uliopatikana ulikuwa na nguvu mara sita kuliko ule walioanza nao. Hii ni kazi ya kusifiwa. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba ni wakemia waliochagua mambo yale 10.

Mwaka 2023 Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley huko California ilitangaza jambo kubwa zaidi. Maabara yao inayojiendesha, iitwayo A-Lab, ilisemekana kutengeneza kwa siku 17 viini vipya 41 kati ya 58 vilivyokusudiwa. Mashine zilichanganya unga, zikauchoma tanuruni, zikaupiga kwa eksirei, kisha programu ikasoma michoro ya eksirei na kuamua kilichopatikana. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyoleta mzozo. Robert Palgrave wa University College London, Leslie Schoop wa Princeton na wenzao waliichambua michoro ile upya kwa macho na kwa mikono, na katika makala yao ya mwaka 2024 walihitimisha kwamba hakuna hata kiini kimoja kilichokuwa kipya. Sababu kubwa waliyoitoa ni kwamba programu ilitarajia fuwele ambamo atomi za elementi tofauti zimekaa kila moja mahali pake maalumu, ilhali vingi vya viini vile ni fuwele zinazojulikana tangu zamani, ambamo atomi hizo hushiriki mahali pamoja bila utaratibu. Wenye A-Lab walijitetea kwamba kusudi lao lilikuwa kuonyesha uwezo wa maabara inayojiendesha, nao walikiri kwamba mtu aweza kuichambua michoro ile vizuri zaidi.

Kwa mara nyingine, basi, suala lilikuwa mpangilio. Na waliolitambua ni watu waliowahi kukaa na michoro ya eksirei hadi wakaizoea kama mtu anavyozoea sura za jirani zake.

Yanayofundishwa, na yanayowezekana darasani

Vyuo kadhaa ng'ambo vimeanza kuwaandaa wakemia wa namna mpya, wanaosoma usanisi wa kemikali pamoja na uandishi wa programu, takwimu, na uendeshaji wa vyombo vinavyojiendesha. Imperial College ya London, kwa mfano, ilifungua mwaka 2019 kituo cha mafunzo ya uzamivu chenye mwelekeo huo. Nimewahi kufanya kazi katika maabara ya ng'ambo yenye vyombo vya aina hii, na kitu nilichokiona cha thamani kuliko vyote hakikuwa roboti. Kilikuwa daftari lililofungwa kwa kamba kando ya kila chombo, ambamo kila asubuhi mtu aliandika jibu la myeyusho sanifu kabla ya kupima kitu kingine chochote. Daftari hilo laweza kununuliwa Kariakoo.

Walimu wetu wengi hawana kompyuta za kutosha, na baadhi yao hawana hata umeme wa kutegemea. Sidhani kwamba hilo ni sababu ya kungoja. Chukueni somo la titresheni, ambalo kila mwanafunzi wa kemia hulifanya. Kwa desturi kila kikundi hukokotoa jibu lake, mwalimu husahihisha, na karatasi hutupwa. Badala yake, mwalimu aandike ubaoni usomaji wa bureti wa vikundi vyote, kisha wanafunzi wahesabu ni mara ngapi tarakimu ya mwisho ni 0, na ni mara ngapi ni 5. Ikiwa karibu kila usomaji huishia .00 au .50, darasa limegundua jambo kuhusu data zake: kwamba watu walikuwa wakikadiria kwenye mistari mikubwa badala ya kutazama midogo. Huo ndio uchambuzi wa data. Kompyuta ikija siku moja itaharakisha kuhesabu tu.

Zoezi la pili linahitaji hila kidogo kwa upande wa mwalimu. Agawe pipeti za sentimeta za ujazo 20 kwa baadhi ya vikundi na za 25 kwa vingine, huku wote wakipima alkali ile ile kwa asidi ile ile yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa desimeta ya ujazo, asidi na alkali zikiwa za kuungana moja kwa moja. Kikundi chenye pipeti ya 25 kikitumia asidi sentimeta za ujazo 24.6, ukolezi ni 0.0984, kikundi chenye pipeti ya 20 kikitumia 19.7, ukolezi ni 0.0985. Majibu yanapatana. Kesho yake mwalimu alete orodha mbili kwenye karatasi: moja ya pipeti, iliyopangwa kwa herufi za majina ya vikundi, na moja ya ujazo wa asidi, iliyopangwa kwa jinsi vikundi vilivyomaliza, bila majina. Awaambie wanafunzi wakokotoe ukolezi wa kila kikundi. Wengi wataoanisha mstari kwa mstari, na baadhi watapata 0.123 na wengine 0.0788, nao watavilaumu vikundi husika kwa uzembe. Mwalimu anyamaze, asubiri aone ni nani atakayenyoosha mkono na kuuliza kama orodha zile mbili zimepangwa kwa utaratibu mmoja.